Pete ya Uzi wa Manjano

Nyumba ya Malmfrid ilinuka mkojo. Nalisema mapema, maana kila anayeniuliza habari za mfumaji yule anataka kusikia juu ya vidole vyake na subira yake, na hiyo harufu kila mtu anajifanya kaisahau. Mimi nilikuwa jirani yake, ng'ambo ya kijito, na kila majira ya baridi nilimchambulia sufu jikoni kwake, kwa hiyo pua yangu ndiyo shahidi. Kando ya jiko kulikuwa na pipa la mbao lenye kifuniko, na humo ndimo alimochachushia rangi ya buluu. Buluu ya kizamani haikubali maji matupu. Inataka mkojo uliokaa, joto la jiko, na mtu asiyeona haya kuwaomba wageni.

Malmfrid hakuona haya. Mvuvi akipita kumletea samaki alimiminiwa kahawa, na akishaimaliza alionyeshwa pipa. Alishikilia kwamba mkojo wa mnywaji ndio unaotoa buluu ya kina, na wa walokole hutoa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Bergljot, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa nyumba ya sala, aliambiwa hivyo usoni kuhusu mumewe, na akasusa kukanyaga pale mwaka mzima.

Kazi alifundishwa na mama yake, kule malisho ya juu walikokaa na mbuzi kiangazi chote. Walifuma yale mablanketi mazito ya mistari na vinyota ambayo bibi harusi hutandikiwa kitandani, na siku akifa hufunikwa jeneza lake hadi makaburini, kisha blanketi hurudishwa nyumbani kumsubiri mwingine. Nusu ya marehemu wa Skorvika, kijiji chetu, wamesindikizwa chini ya sufu ya Malmfrid. Kufuma picha alianza baadaye, alipoolewa na Sivert. Mume huyo alimchongea kitanda cha kufumia kwa mbavu za mashua iliyovunjikia mwambani, kikasimama wima kutoka sakafuni hadi darini, kikala nusu ya sebule. Sivert alikufa kwa kifua muda mfupi baada ya vita. Akamwachia kitanda hicho na mtoto mmoja wa kiume, Eilif.

Alikuwa mkali, nisimpambe. Sufu yangu ikiwa na bonge hata moja alinirudishia na kuniuliza kama kuku wangu ndiye aliyeichambua. Eilif alipomwoa Oddlaug, msichana wa ndani ya ghuba mwenye ulimi mwepesi, Malmfrid alihamia nyumba ndogo ng'ambo ya ua, kama mama mkwe yeyote wa kwetu, na kitanda chake na pipa lake vikahamia naye. Soksi ya kwanza ambayo mkwe aliifuma aliifumua yote kwa kosa la kitanzi kimoja. Oddlaug naye alimjibu kwamba afadhali soksi mbovu kuliko nyumba inayonuka kama choo cha bandarini. Walicheka wote wawili, na tukajua wataelewana.

Mwisho wa baridi ya pili ya ndoa ile, Eilif alipanda meli iitwayo Havgard kwenda kuwinda sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, kwenye barafu ya magharibi. Asubuhi ya kuondoka alikuja kumuaga mama yake. Nilikuwepo na sufu yangu mapajani. Alikunywa kahawa vikombe viwili, akatusihi tugeuze nyuso, akafanya alichotakiwa kufanya pipani.

“Nimekuachia bahari hapo, mama,” alisema akifunga mkanda. “Usije ukaimwaga.”

Mwezi wa nne ilivuma dhoruba, na redio ya Havgard ikanyamaza. Meli zilitafuta, ndege zilitafuta. Haukuonekana hata ubao. Wanaume wanane wa Skorvika walikuwa ndani ya meli ile, na mmoja wao alikuwa yule mume wa Bergljot asiyegusa kileo, aliyekwenda kama mpishi.

Kiangazi hicho Bergljot alimeza kiburi chake, akaingia jikoni kwa Malmfrid na leso puani. Alitaka nguo ya picha ya kutundika ukutani mwa nyumba ya sala: wake wanane wamesimama gatini, wanaume wao wakienda. Malmfrid alikubali kabla hajamaliza kuomba. Oddlaug alikuwa amekuja kuleta maziwa, akasimama mlangoni na ndoo yake.

“Ya nini hiyo nguo?” aliuliza.

“Kumbukumbu tu, Oddlaug. Ya marehemu wetu.”

“Basi wafumeni marehemu wenu. Wangu yuko kwenye barafu, anangoja meli ya kumrudisha.”

Malmfrid ndiye aliyesema, polepole, kwamba wakisimama wake saba gatini, kila atakayeitazama nguo atauliza yule wa nane ni nani na alimkosea nini mumewe. Oddlaug aliiweka ndoo chini. Akaitazama pete yake, kwenye mkono wa kulia ambako mke wa kwetu huivaa mumewe akiwa hai.

“Nitasimama,” alisema. “Ila mimi si mjane. Pete yangu ibaki mkono wa kulia, hata hawa wote wakihamishia kushoto. Niahidi, mama, na huyu asikie.”

“Nakuahidi, mwanangu.”

Ahadi hiyo ndiyo iliyomponza.

Sharti nieleze jinsi alivyofanya kazi, la sivyo mtamwona mpumbavu, na hakuwa mpumbavu. Mfumaji wa picha hufumia mgongoni mwa nguo. Kinachokuwa mbele ya macho yake ni upande wa nyuma, wenye ncha za nyuzi zinazoning'inia kama ndevu, na uso wa picha unatazama ng'ambo. Kilicho kulia kwake kitakuwa kushoto siku nguo itakapogeuzwa. Kwa hiyo huchora kila kitu kinyume, karatasi akaipachika nyuma ya nyuzi za mtande, zile zilizosimama wima, akaifuata. Tena kila anapopanda, sehemu iliyokwisha huviringishwa kwenye gogo la chini, isionekane tena mpaka siku ya kukata. Malmfrid aliyafanya hayo miaka yote bila kukosea. Meli aliichora kinyume, gati kinyume, mlima wa Skorvika kinyume.

Pete hakuzichora. Alipochora ilikuwa kiangazi, na mchungaji alikuwa hajasoma kanisani majina ya waliopotea na kuwatangaza kuwa wamekufa. Wanawake wote walikuwa bado na pete mkono wa kulia, na nani angewaomba wazichore kushoto kabla ya wakati? Aliwachora wamesimama wima wakitutazama, mikono yote miwili imelala juu ya aproni, vidole vitupu. Pete alisema zitakuja kazi ikifika hapo.

Majina yalisomwa mwanzo wa vuli. Jumapili ile wanawake saba walitoka kanisani na pete mkono wa kushoto. Oddlaug hakuja. Nilimwona njiani nikirudi, yuko shambani peke yake anachimba viazi, na nguo zake za kazini.

Bahari aliitia buluu kutoka kwenye pipa, na wote wawili tulijua ni mchango wa nani uliokuwa humo. Hatukusema. Kisha kazi ikafika mikononi, na akataka kumwona kila mwanamke. Alisema mikono haifanani, na mikono iliyopasua samaki aina ya heringi maisha yake yote haiwezi kufumwa kwa kukumbuka. Wakaja mmoja mmoja. Alimkalisha kila mmoja kwenye kiti ng'ambo ya kitanda, akamtazama kupitia nyuzi tupu za mtande, mkono umewekwa juu ya aproni kama kwenye picha. Alifuma vifundo, alifuma makovu ya kisu, na alipofika kwenye pete alichukua uzi wa manjano, ule uliotiwa rangi kwa majani machanga ya mlimani, akaiweka pale pale alipoiona. Oddlaug alikuja wa mwisho. Alikaa, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, hakuondoa macho kwenye vidole vya mkwewe.

Mmeshaona kosa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na sufu yangu, na sikuliona.

Siku ya kukata nguo kwetu ni sherehe. Hakuna anayeshika mkasi ila mfumaji, na wanawake huja na kahawa na mikate bapa ya viazi. Nguo ya Havgard ilikatwa mwezi wa nne, mwaka ulipotimia. Malmfrid alikata nyuzi za mwisho, sisi tukaipokea mikononi, tukaigeuza na kuitandaza sakafuni. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Wote tulianza kwa kuigusa bahari ile ya buluu. Kila mmoja akajitafuta, akajikuta, akatafuta na mwenzake.

Jensine, mke wa fundi mitambo wa meli, alipiga magoti akagusa mkono wake wa sufu.

“Mbona hapa nina mume?” aliuliza.

Tukainama. Pete ya Jensine ilikuwa mkono wa kulia. Ya Bergljot kulia. Wote saba, kulia. Malmfrid aliweka mkasi chini kabla hata hajafika mwisho wa safu. Yeye alikwisha kuelewa. Pale mwisho alisimama Oddlaug, shingo juu, na pete ya manjano kwenye mkono wa kushoto.

“Na mimi sina,” alisema Oddlaug.

“Nimesahau kugeuza,” alisema Malmfrid. “Nilifuma nilichokiona. Nimesahau, mwanangu.”

“Wewe? Wewe uliyefumua soksi yangu nzima kwa kitanzi kimoja? Wewe unasahau?”

“Nimesahau.”

“Hukusahau, mama. Umemzika. Mama mzazi, umemzika mwanao kwa uzi, mbele za watu, na kahawa juu yake.”

Alitoka bila shali yake. Wanawake walitazama vikombe vyao. Nilimwonea huruma Oddlaug, na nilimkasirikia pia, maana Malmfrid alikuwa amesimama katikati ya sebule na mikono imening'inia, na katika maisha yangu sikuwahi kuiona mikono ile haina la kufanya.

Bergljot alikuwa wa kwanza kuzinduka. Alisema jambo ni dogo, pete zifumuliwe, zishonwe upya kwa sindano upande unaostahili, uongo hauwezi kutundikwa ukutani mwa nyumba ya Mungu.

“Ya kwangu usiiguse,” alisema Jensine kutoka sakafuni. “Ukiigusa, Malmfrid, sikusamehi. Hapo niache naye.”

Mwingine akasema hivyo hivyo, na mwingine. Bergljot aligeuka kuwakaripia, na katika kugeuka macho yake yakaangukia mkono wake mwenyewe wa sufu, ule mnene wenye kovu la ndoana, na pete kulia. Kisha akaanza kukusanya vikombe, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama wengi wameamua, basi iwe hivyo, mumewe naye alikuwa mtu wa kufuata wengi.

Ikabaki pete moja ya kurekebisha. Kesho yake Malmfrid aliifumua kwa ncha ya sindano, na kidole cha Oddlaug kikabaki kitupu. Akatunga uzi ule ule ili auhamishie kulia kama alivyoahidi. Hakuushona. Nilimwona akiinua sindano na kuishusha, na mwishowe nikamuuliza kwa hasira anangoja nini.

“Nikishona kulia nitakuwa namdanganya,” alisema. “Nikishona kushoto namuua.”

“Kwani ulikusudia?”

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili mradi ajibu.

“Kichwa hakikukusudia. Mkono sijauuliza.”

Alivuka ua na sindano ile. Niliona mlango wa nyumba kubwa ukifunguka kidogo. Alisema kitu kimoja tu, aliniambia baadaye: uweke unapotaka wewe. Oddlaug alichukua sindano, akafunga mlango. Nguo ikatundikwa nyumba ya sala ikiwa na wanawake saba wenye waume na mmoja asiye na pete popote. Wahubiri wageni walikuwa wakituuliza yule binti ni wa nani na kwa nini hajaolewa. Tuliwaambia anachagua sana.

Kiangazi chote na vuli yote nyumba mbili za ua ule hazikusemezana. Oddlaug alileta maziwa, akaweka ndoo kizingitini, akaondoka. Alimkatia mkwewe kuni, akazipanga vizuri, asimtazame. Mimi nilikuwa nikivuka kijito nikijiambia leo nitawasema wote wawili, na nikifika napewa kahawa, nanyamaza. Malmfrid alikonda. Kitanda cha kufumia kilisimama na nyuzi mpya ambazo hakuzigusa.

Sasa, kuna jambo la mkesha wa Krismasi. Wazee wetu hawaondoi chakula mezani usiku ule. Mbavu za kondoo, uji, mkate, vyote huachwa hadi asubuhi, na kiti huvutwa kidogo, ili wafu wa nyumba wakija wapate kula. Nyumba ya sala imehubiri dhidi ya jambo hilo mpaka imechoka. Malmfrid aliliheshimu kila mwaka tangu Sivert alipokufa, na sahani ya Sivert ilikuwa ile yenye ua la buluu. Na Krismasi ile ya kwanza baada ya Havgard kupotea, Oddlaug alifanya kinyume chake: aliosha kila kijiko, akafuta meza mpaka ikang'aa, asije mtu akasema kuna marehemu anayesubiriwa pale.

Asubuhi ya Krismasi ya pili nilimpitia Malmfrid kwenda kanisani. Nilimkuta amekaa mezani, na meza ilikuwa tupu. Imesuguliwa kwa mchanga, bado ina unyevu. Sahani ya ua la buluu ilikuwa kabatini. Kabla sijauliza, Oddlaug aliingia na mzigo wa kuni. Aliona meza. Akasimama na kuni mikononi.

“Baba hukumwekea?” Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu mwezi wa nne.

“Sikumwekea.”

“Kwa nini?”

“Angekuja na mtoto,” alisema Malmfrid. “Ningewaona wamekuja wote wawili, ningefanya nini? Sivert atanisamehe. Amezoea.”

Oddlaug alizidondosha kuni pale pale sakafuni. Akakaa kwenye kiti cha Sivert, akaweka kichwa mezani, akalia mpaka meza ikalowa upya. Malmfrid hakumbembeleza, hakuwa na mkono huo. Alimmiminia kahawa, akamwambia kuni hupangwa, hazimwagwi. Kanisani tulichelewa wote watatu.

Toka hapo walisubiri pamoja. Sijui niliite jina gani lingine. Meli ikipiga honi ghubani wote wawili walitoka uani, mmoja kwa mlango wake na mwingine kwa wake, wakatazama, wakarudi ndani. Malmfrid alifuma mablanketi ya vitanda tu, picha hakurudia, na vidole vilipokakamaa aliacha hata hayo. Pipa lilibaki kando ya jiko. Hakulitumia wala hakulimwaga, na ukimwambia linanuka alikwambia usije basi. Krismasi zilipita na meza zile mbili zikawa safi. Jensine aliolewa tena. Bergljot alizeeka akawa mpole, na kila ibada alikaa benchi lile lile, mkabala na mkono wake wa sufu.

Malmfrid alikufa mwishoni mwa baridi, kitandani, baada ya kulalamika kwamba kahawa ni nyepesi. Tulimfunika blanketi lake mwenyewe, la vinyota, akavutwa kwa kigari cha theluji hadi kanisani. Baada ya mazishi tulikunywa kahawa katika nyumba ya sala. Nilikaa mahali pangu, nikainua macho kwenye nguo kwa mazoea, na kikombe kikanigonga meno. Yule mwanamke wa mwisho alikuwa na pete. Imeshonwa vibaya, mishono mirefu isiyolingana, uzi umevutwa mno mpaka kidole kimejikunja. Malmfrid angeifumua papo hapo. Ilikuwa mkono wa kushoto.

Oddlaug alikuwa akizunguka na birika. Alipofika kwangu niliutazama mkono wa kulia ulioshika mpini, nao haukuwa na kitu. Pete ilikuwa kwenye ule mwingine.

“Umepata habari gani?” nilimuuliza. Nilidhani pengine kuna ubao umeokotwa mahali.

“Hakuna habari.”

“Sasa?”

Alimimina mpaka kikombe changu kikajaa, akakiangalia.

“Tulikuwa wawili tukimsubiri,” alisema. “Peke yangu siwezi.”

Wiki ile tulisaidiana kutoa vitu katika nyumba ndogo. Pipa tulilibeba mimi na yeye hadi kwenye miamba, na yeye ndiye aliyeling'oa kifuniko na kulimwaga baharini. Lilinuka vibaya sana, na nilicheka na kulia. Mkesha wa Krismasi uliofuata nilivuka kijito kumpelekea mkate. Alikuwa amekwisha kula, na meza hakuifuta. Alikuwa akitandika sahani ya ua la buluu, na kando yake nyingine mbili.